Kusota na Kufilisika: Nahau za Hasara Kondele

Mwanafunzi wa fasihi aliyekulia Kondele, jijini Kisumu, hujifunza darasani kwamba biashara ya Mwingereza inapokufa huwa imezama, au imekwenda ukutani, au, kwa usemi wenye mzaha zaidi, imegeuka tumbo juu. Hata neno la kisheria la Kiingereza la kufilisika chimbuko lake ni Kiitalia, na maana yake ya asili ni benchi lililovunjika, yaani benchi la wabadili fedha. Katika semi zote hizi kinachoanguka ni kitu. Mtu mwenyewe haonekani.

Usemi wa tumbo juu unastahili kutazamwa zaidi. Huko London ni istiari iliyochakaa. Anayeutumia hamwoni samaki yeyote. Mnamo Novemba 2022 samaki wengi waliofugwa katika vizimba kwenye Ghuba ya Winam, upande wa Kisumu, walikufa kwa upungufu wa oksijeni majini, wakaelea. Mtaji wa wafugaji ulionekana kwa macho, ukinuka, tumbo juu. Istiari hapo ilikuwa imerudi kuwa habari, na mfasiri ambaye angeitumia kwa mkasa huo angeonekana hana adabu.

Kiswahili cha vitabuni kilifuata njia ya Kiarabu. Kufilisika na muflisi vina shina moja na fulusi, na fals ya Waarabu ilikuwa sarafu ya shaba. Wanaleksikografia wa kale walieleza kuwa muflisi ni yule ambaye fedha yake imekwisha akabaki na vishaba. Basi shina moja limezaa pesa na ukosefu wa pesa, ajabu ambayo lugha haikuona haja ya kuieleza. Lakini kitenzi kufilisi kina mkono wa dola ndani yake: mtu hufilisiwa, mali yake ikanadiwa. Nchini Kenya jambo hilo lina sheria yake, ile ya zamani ikiwa imebadilishwa mwaka 2015. Mchuuzi wa omena ambaye mtaji wake umemezwa na karo na matanga hafiki huko. Hana cha kunadiwa. Yeye husema, "Nimesota."

Kusota, kwa asili, ni kujikokota kwa matako, kama afanyavyo mtoto asiyejua kutembea au mgonjwa aliyeishiwa nguvu. Mitaa ya miji ya Kenya ililichukua neno hilo na kulipa maana ya kuishiwa na pesa. Walinzi wa usanifu hulitupa kapuni pamoja na misimu mingine, na hukumu hiyo ni ya pupa. Meli iliyozama haiendi kokote, na samaki wa tumbo juu hana kesho. Anayesota yu chini, kweli, na vumbi limemjaa. Ila bado anakwenda.

Mwanafunzi anayeandika katika insha kwamba mama yake amesota hupigiwa neno hilo mstari mwekundu. Akilisahihisha kuwa amefilisika, hupata alama yake. Na mama huyo, ambaye alfajiri atakopa omena ufuoni ili auze kwa gorogoro pale Kondele kabla jua halijawa kali, huwa ametolewa katika sentensi.