Daftari la Udongo

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya udongo ni mboji, na walaji wake ni viumbe wasioonekana kwa macho: bakteria na kuvu. Mkulima hufukia majani shambani. Misimu ikipita, majani hayaonekani tena. Kiasi gani kimeliwa, na kiasi gani kimewekwa akiba? Swali hili lilikuwa gumu, kwa maana kaboni ya majani mapya na kaboni ya mboji kongwe zikichanganyika hazitambulikani, kama maji yaliyotiwa katika maji.

Mlango wa jibu ulifunguka mwaka 1940, Martin Kamen na Samuel Ruben walipogundua kaboni 14 huko Berkeley, Marekani. Kaboni hii ni ndugu wa kaboni ya kawaida. Mmea huivuta na kiumbe huila karibu sawa na ile nyingine. Lakini hutoa mnururisho unaohesabika kwa chombo. Ni kama ng'ombe aliyetiwa chapa: hata akichanganyika na kundi kubwa, mwenyewe humjua.

David Jenkinson wa Rothamsted, Uingereza, aliotesha nyasi katika hewa yenye kaboni hiyo, akazichanganya na udongo, akauacha shambani. Mwaka ulipopita, ilisalia kiasi cha theluthi moja tu ya kaboni yenye chapa. Nyingine ilikuwa imerudi hewani kwa pumzi za walaji. Hata hivyo, baada ya miaka 5 sehemu kama moja katika tano ilikuwamo bado. Walaji walianza kwa pupa, wakaendelea kwa kudonoa.

Mwaka 1977 Jenkinson na Ayanaba walitangaza matokeo ya jaribio kama hilo lililofanywa Ibadan, Nigeria. Mwendo ulikuwa ule ule, ila kasi yake ilikuwa kama mara 4 ya ile ya Uingereza. Joto liliharakisha karamu.

Basi daftari limesomwa, na hesabu yake ni nzito kwa mkulima wa nchi za joto. Achomapo mabua yake, huunyima udongo posho ambayo huisha upesi kuliko kwingine. Wala walaji wale si wezi. Katika kula kwao huifungua naitrojeni iliyofungwa katika majani makavu, mimea ikapata chakula. Mwizi ni mkono uvunao kila mwaka usirudishe kitu.