Twende Bunkeya, Kwao Mwenda Mpiga Gitaa

Msomaji mpenzi, kama umepata kusimama kando ya barabara kuu pale Mbeya au Tunduma, bila shaka umeona malori makubwa yakipita na vibao vipana vya shaba, yakielekea bandari ya Dar es Salaam. Mengi hutoka Katanga, katika nchi ya Kongo. Leo na tupande moja la malori hayo linaporudi kwao. Tutavuka Zambia, tutapita mpaka wa Kasumbalesa, na tutamtafuta mtu ambaye pengine babu yako alimjua kwa sauti tu, asimwone kwa macho: Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa.

Ukivuka mpaka, masikio yako ndiyo yatakayoshangaa kwanza. Watu wanasema Kiswahili! Lakini si kama chetu. Kwao watoto ni batoto, na vitu ni bintu. Usicheke, maana nao watakucheka wewe. Hiki ndicho Kiswahili kilichokuzwa migodini, na watu waliotoka makabila mbalimbali, wakalazimika kuelewana.

Basi, tunafika Lubumbashi. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910, na wakati wa Wabelgiji uliitwa Elisabethville. Kutoka mbali utaona dohani ndefu ya kiwanda cha shaba, na kando yake kilima cheusi. Kilima hicho si cha Mungu. Ni cha mikono ya watu. Ni takataka ya mawe yaliyoyeyushwa kwa miaka mingi. Tukifuata njia ya kaskazini-magharibi, kiasi cha kilomita 120, tunafika Likasi, zamani Jadotville. Kutoka hapo tunaacha miji ya moshi, tunakwenda kaskazini mpaka Bunkeya, mji wa Bayeke.

Hapa nakuomba utue mzigo, usikilize habari za kale, kwa kuwa zinatuhusu sisi wenyewe. Bayeke hawa si wageni kwetu. Katikati ya karne ya 19, mfanyabiashara wa Usumbwa, magharibi ya Unyamwezi, jina lake Kalasa, alikuwa akienda Katanga kununua shaba. Wakati huo shaba ilimiminwa katika umbo la msalaba wenye mikono minne, nayo ilitumika kama fedha. Mwanawe Ngelengwa alimfuata, akakaa huko, akajipatia bunduki, akajenga ufalme. Huyu ndiye Msiri, aliyeitwa pia Mwenda. Alikuwa mtu wa nguvu na wa kuogopwa; aliuza pembe za ndovu na shaba, na wanadamu pia, jambo ambalo hatuwezi kulisifu. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa kwa risasi na Wazungu waliotumwa na mfalme wa Ubelgiji. Msafara wao ulianzia pwani yetu, na mizigo yao ilibebwa na wapagazi wa kwetu. Kweli, dunia ni ndogo.

Katika Bunkeya hiyo, mwaka 1930, alizaliwa mtoto aliyepewa majina mawili. Jina la Mwenda lilikuwa la mfalme yule. Jina la Jean Bosco lilikuwa la Yohane Bosco, rafiki wa vijana maskini, ambaye mapadre wa shirika lake walikuwa wamefika Lubumbashi tangu 1911. Mfalme wa bunduki na padre wa watoto wa mitaani: ni mzigo mzito kwa mtoto mmoja! Lakini yeye hakushika bunduki wala hakuwa padre. Alishika gitaa.

Je, unajua alivyopiga? Chukua mkono wako wa kulia, ufungue vidole viwili tu: dole gumba na kidole cha shahada. Dole gumba linatembea juu ya nyuzi nene, taratibu, kama mtu anayetwanga. Kidole cha shahada kinarukaruka juu ya nyuzi nyembamba, kama ndege shambani. Huyu anauliza, yule anajibu. Asiyemwona mpigaji huapa kwamba ni watu wawili. Gitaa lenyewe lilikuwa la mti, bila umeme. Katika miji ile ya shaba, aliyetaka kuongeza ngoma alichukua chupa tupu ya soda na kipande cha chuma, akagonga. Hiyo ndiyo bendi yote. Kijana mwenye mshahara mdogo aliweza kuwa na muziki kamili katika chumba chake kimoja.

Na watu walihitaji muziki. Fikiri: kijana ameacha kijiji chake, amelala katika kambi ya kampuni, jirani yake hajui lugha yake, mama yuko mbali, mke hajapatikana au amebaki nyumbani. Mwenda aliimba kwa Kiswahili ili wote wasikie, tena kwa Kiyeke, Kisanga, Kibemba, Kiluba na Kifaransa pia. Nyimbo alizotunga zilipita mia moja.

Mwaka 1952 Mwingereza mmoja, Hugh Tracey, aliyekaa Afrika ya Kusini na kuzunguka nchi nyingi akinasa nyimbo za Waafrika, alifika Jadotville. Alimsikia kijana akipiga gitaa, akasimama. Mwenda alikuwa na umri wa miaka 22. Wimbo wake uitwao Masanga ukatiwa katika santuri, na santuri zikaanza kusafiri. Ziliingia Kenya, Uganda na Tanganyika. Wazee wa leo wanakumbuka gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, imewekwa juu ya meza uani, watoto wamechuchumaa chini.

Hivyo nyimbo zilitangulia, mwenyewe akafuata. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika Nairobi, akakaa kwa muda, akasikika katika redio. Jamaa yake Edouard Masengo, naye mpiga gitaa, alikaa huko pia. Vijana wa Kenya walitega masikio, wakarudi nyumbani kujaribu vidole vyao. Nyumbani Katanga, wakati ule, amani ilikuwa imekwisha: Julai 1960 jimbo lilijitenga na Kongo, na vita havikutulia mpaka Januari 1963. Mwaka 1969 Mwenda alivuka bahari, akaimba Marekani katika tamasha kubwa la nyimbo za kienyeji mjini Newport.

Labda utasema: basi alitajirika! La, msomaji mpenzi. Karibu maisha yake yote aliamka asubuhi kwenda kazini. Alifanya kazi benki mjini Lubumbashi, na katika kampuni ya migodi huko Kolwezi. Baadaye alikuwa na hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Hakuona haya kuwa mtumishi mchana na mwimbaji jioni. Nasi tunaodhani kwamba kipaji kinamwondolea mtu jembe, tumtazame huyu.

Kisha likaja jaribu la jina. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza raia kutumia majina ya ubatizo ya kigeni. Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga, akalazimika kukimbilia Roma kwa muda. Mwimbaji wetu naye akajulikana kwa jina la Mwenda wa Bayeke, Mwenda wa watu wake. Lakini katika nchi zetu, ambako sheria ile haikufika, waliompenda waliendelea kumwita Bosco. Serikali yaweza kufuta jina katika vitabu vyake. Katika midomo ya watu haiwezi.

Mwaka 1988 alialikwa Cape Town, akapiga tena nyimbo zake za ujana, nazo zikanaswa. Ilikuwa bahati, kwani Septemba 1990 ajali ya gari ilimwua. Alikuwa na umri wa miaka 60.

Sasa turudi nyumbani. Jambo moja nakuachia. Sauti ya Mwenda ilihifadhiwa kwa sababu mtu mmoja alisimama njiani akasikiliza. Lakini katika kijiji chako yuko mzee mwenye zeze, au bibi anayejua nyimbo za kutwangia, wala hakuna mgeni aliyesimama kwake. Jioni hii nenda ukaketi karibu naye. Mwombe akuimbie wimbo mmoja, umwulize ni nani aliyeutunga. Ukiwa na simu, inase sauti yake. Usipokuwa nayo, uimbe naye mpaka uukariri. Kesho utamfundisha mwanao.