Mchoro Usiosahihishwa

Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga. Katika miaka 36 niliyofundisha shule za msingi, na 14 ya mwisho nikiwa mwalimu mkuu, niliona watoto watukutu wengi, na wengi wao wamekuwa watu wazima wema. Walionitia hofu ni wale walionyamaza ghafla. Mtukutu hueleza shida yake kwa mikono na miguu. Aliyenyamaza ameifungia ndani.

Kimya cha namna hiyo kiliingia katika ukoo wangu mwaka 2021. Binti yangu, ambaye ni muuguzi nchini Uingereza, alifiwa na mumewe ghafla. Mwanawe, aliyekuwa na umri wa miaka 8, hakulia msibani wala baada ya msiba. Shuleni alijibu kwa kutikisa kichwa, na usiku alilala na viatu vya baba yake kando ya mto. Ilipita miezi mitano. Ndipo shule ikashauri apelekwe kwa mtaalamu wa tiba kwa sanaa. Binti yangu akanipigia simu: "Baba, mtoto hasemi, nao wanataka akachore picha. Hiyo ni dawa kweli? Shangazi anasema nimrudishe nyumbani."

Jambo likawekwa mbele yangu, kwa kuwa katika ukoo wetu neno juu ya mtoto aliyefiwa huulizwa kwa mzee. Dada yangu alikuwa na hoja nzito: mtoto wa msiba hulelewa katikati ya watu, si chumbani na mgeni mwenye rangi. Sikutaka kuamua gizani, nikaanza kusoma na kuuliza.

Jina la tiba hii lilitolewa mwaka 1942 na mchoraji Mwingereza, Adrian Hill. Alipolazwa kwa ugonjwa wa kifua kikuu alichora akiwa kitandani, akaona jinsi kuchora kulivyompa nguvu, kisha akawahimiza wagonjwa wenzake. Mwaka 1946 msanii mwingine, Edward Adamson, alianza kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Netherne, kusini mwa London. Hakuwafundisha wagonjwa kuchora. Aliwapa nafasi na vifaa, akakaa nao. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa.

Mimi nilisomea ualimu Butimba, Mwanza. Mwalimu hufunzwa kuutazama mchoro ili ausahihishe: je, nyumba imesimama wima? Je, mkono una vidole vitano? Mtaalamu wa tiba hii hana kalamu nyekundu. Mtoto akichora jua jeusi, hamwambii kwamba jua ni la njano. Wala hatangazi kwamba weusi ule maana yake ni kifo, kama mpiga ramli asomaye mchanga. Humwambia, "Nieleze habari za jua lako," au hunyamaza pamoja naye. Maneno yakipatikana, mwenye mchoro ndiye atakayeeleza maana yake. Yasipopatikana, angalau uchungu umekwisha kutolewa nje, umewekwa mezani, na kuna mtu wa pili anayeutazama.

Ndugu msomaji, maadamu kazi hii hugusa jeraha, haifai kuachiwa kila ajuaye kuchora. Nchini Uingereza jina la mtaalamu wa tiba kwa sanaa hulindwa na sheria. Alitumiaye lazima awe amesomea kazi hiyo na ameandikwa katika rejesta ya baraza linalosimamia taaluma za afya, na rejesta yenyewe iko wazi kwenye intaneti. Nilimwomba binti yangu anitumie jina la mama yule, nikalikuta mwenyewe nikiwa hapa Mwanza. Kisha nikampa maswali ya kuuliza. Je, amewahi kuhudumia watoto waliofiwa? Watakutana lini, kwa muda gani? Michoro itatunzwa wapi, na nani ataiona? Lipi atamwambia mzazi, na lipi litabaki siri ya mtoto? Akajibu yote bila kukereka: kila Jumanne, dakika 50, michoro ndani ya kabati lenye kufuli, siri itavunjwa tu ikiwa mtoto yumo hatarini. Mtaalamu anayeudhika kwa maswali kama hayo, mwache. Vivyo hivyo anayeahidi kuponya kwa siku tatu.

Nikatoa uamuzi: aende, na likizo ya Agosti aletwe nyumbani akae katikati ya watu. Dada yangu alikuwa na haki, na shule nayo ilikuwa na haki. Mtoto alihudhuria karibu mwaka mzima. Alichora nini hatujui, nasi hatukumuuliza. Baada ya miezi kadhaa alimwuliza mama yake, wakiwa wanaosha vyombo, kama baba alisikia maumivu. Lilikuwa swali lake la kwanza juu ya kifo kile. Siku hiyo walilia wote wawili.

Hapa kwetu wataalamu wa aina hii ni haba. Mzazi mwenye shida aanze hospitali ya mkoa, aulizie huduma za afya ya akili, au amwendee ofisa ustawi wa jamii wa wilaya, aulize ni nani anayeshughulikia watoto na kama hutumia michezo na michoro. Maswali ya kumpima ni yale yale. Na mtoto akitaja kutaka kufa, asingoje mchoro wala rangi. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa walimu wenzangu walio kazini nina ombi dogo. Msijiite matabibu, lakini kila wiki acheni mchoro mmoja wa kila mtoto bila alama ya vema wala ya kosa. Mtoto akitaka kuueleza, vuteni kiti mkae.