Istanbul: Jiji Lililoniambia Nisubiri

Mume wangu ndiye aliyegundua. Usiku mmoja Februari 2025 aliwasha taa kutafuta chaja, akaniona nimelala macho nusu wazi, weupe tu ndio unaonekana. "Mama watoto, we umelala kweli?" Nilikuwa nimelala fofofo! Asubuhi yake macho yalichoma kama yametiwa pilipili.

Turudi nyuma kidogo, mpenzi msomaji. Mwezi mmoja kabla ya hapo nilifanyiwa upasuaji wa kuondoa mifuko ya chini ya macho. Ndiyo, mimi yule yule ninayewaandikia kila mwezi kwamba mjipende mlivyo. Nilichoka kuambiwa "leo umechoka, pole" hata siku niliyoamka na furaha zangu. Mahali nilipofanyiwa sitapataja. Niseme tu kwamba ngozi iliondolewa nyingi mno, kope za chini zikavutika kushuka, na jicho la kushoto likawa duara kama la mtu aliyeshtuka. Na pesa? Zilitoka kwenye akiba yetu ya kiwanja, na mzee sikumwambia bei halisi. Hapo ndipo palipouma kuliko macho.

Siku aliyojua hakugomba. Alinyamaza siku mbili, siku ya tatu akasema, "Tutafute mtu wa kurekebisha. Ila safari hii tunakwenda wote."

Safari ya kwanza

Tukaenda Istanbul. Kutoka Dar ni ndege moja, kama saa saba hivi angani, na wala hubadili saa yako ya mkononi maana Uturuki inakwenda saa sawa na sisi. Ukifika uwanjani utajua mara moja uko mji gani: wanaume wamejifunga vitambaa kichwani, wametoka kupandikizwa nywele, wanatembea bila aibu yoyote. Mimi na miwani yangu nyeusi nikajiona niko nyumbani.

Kliniki nyingi ziko upande wa Şişli na Nişantaşı, mitaa ya maduka ya bei mbaya na mikahawa ya kupiga picha. Nilikuja na mpango wangu kichwani: Jumatatu namwona daktari, Jumanne nakatwa, Ijumaa nala bata. Daktari wa kwanza tuliyemwona alikubali papo hapo, bila hata kunishika uso. Mume wangu akanifinya chini ya meza. Tukaondoka.

Wa pili alikuwa bingwa wa macho aliyebobea kwenye upasuaji wa kope. Huyu alinichunguza karibu saa nzima. Alinitia rangi jichoni, akamulika kwa taa ya bluu kuona kama kioo cha mbele cha jicho kimekauka. Akaivuta kope chini na kuiachia, kuona inarudi kwa kasi gani. Kisha akaniambia nifungue mdomo wazi na kutazama juu. Kope ikashuka zaidi! Hiyo, akasema, ni dalili kwamba ngozi imekuwa fupi. Mwisho akasukuma kona ya nje ya jicho kwa kidole, haikutosha. Aliposukuma na shavu juu, kope ikakaa mahali pake.

Nikamuuliza, "Kesho unanifanyia?" Akatabasamu. "Hapana. Subiri."

Alitueleza hivi. Kovu changa ni gumu, linavuta, na huchukua miezi kulainika. Ukikata juu ya kovu bichi unaongeza kovu juu ya kovu. Kwa kawaida husubiriwa miezi sita au zaidi, isipokuwa kama kioo cha jicho kiko hatarini. Hapo hakuna kungoja. Mimi nilikuwa na madoa ya ukavu lakini hakuna kidonda. Nikapewa matone ya mchana, mafuta mazito ya usiku, na zoezi la kusukuma kope juu kwa kidole kisafi mara kadhaa kwa siku. Kovu la kushoto nalo likachomwa sindano ya kulilainisha.

Nililia kwenye ngazi za kliniki. Yaani nimesafiri kote huko kwa ajili ya matone?

Kuba iliyoanguka

Kesho yake mzee akanivuta twende Ayasofya. Jengo lile lilikamilika mwaka 537, lakini mwaka 558, baada ya matetemeko, kuba lake kubwa likaanguka. Aliyepewa kazi ya kulijenga upya alikuwa mpwa wa mmoja wa wajenzi wa kwanza. Hakurudia ramani ile ile. Kuba la kwanza lilikuwa bapa mno, likizisukuma kuta kwenda nje. Yeye akalipandisha juu zaidi, na mwaka 562 kazi ikaisha. Nilisimama pale chini, matone yakinitoka, nikaelewa alichosema daktari. Fundi wa pili kwanza hutafuta kwa nini ya kwanza ilianguka.

Na kwenye kope sababu ziko nyingi, kila moja na dawa yake. Kope ikiwa imelegea, kona ya nje hukazwa. Kovu likiwa katikati ya kope, hufunguliwa na kuwekwa kipande cha kuishikilia, mfano utando wa kaakaa au gegedu la sikio. Ngozi ikiwa fupi, shavu huinuliwa ili liazime ngozi, au hupandikizwa ngozi, mara nyingi ya kope ya juu au ya nyuma ya sikio. Mafuta yakiwa yametolewa mengi hadi pakabonyea, hujazwa mafuta yako mwenyewe au jeli; ila jeli ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kupofusha, kwa hiyo sio kazi ya saluni. Mifuko ikiwa imebaki, mafuta hupunguzwa kwa kupitia ndani ya kope bila kugusa ngozi. Na weusi wa chini ya macho unaotokana na rangi ya ngozi? Huo hautoki kwa kisu, shoga yangu.

Safari ya pili

Miezi ile ya kusubiri ndiyo iliyotutengeneza. Kila usiku mzee alinipaka mafuta na kuyafunga macho yangu kwa plasta, huku tukizungumza mambo ambayo hatukuwahi kuyazungumza, kuanzia bei ya kiwanja. Nilimwonyesha risiti zote.

Novemba 2025 tukarudi. Jicho la kulia lilikuwa limepanda lenyewe, daktari akasema liachwe. La kushoto aliliinulia shavu na kukaza kona, bila kupandikiza kitu. Tulikaa siku kumi, nyuzi zikatolewa. Siku moja kabla ya kuondoka tukapanda kivuko cha Karaköy kwenda Kadıköy, kutoka Ulaya hadi Asia kwa kama dakika ishirini, chai mkononi na shakwe wakigombea mkate wa simit. Upepo wa Bosfori ulinipiga usoni, na macho hayakuchoma.

Jicho la kushoto sio sawasawa na la kulia, na halitakuwa. Ila usiku ule, hotelini, taa iliwaka. Nikasikia mtu ananiinamia, anachungulia.

"Yamefunga," akasema, akazima taa.

Kabla hujakata tiketi

- Muone kwanza daktari wa macho hapa nyumbani. Maumivu makali, kuona ukungu au jicho jekundu ni dharura, sio safari.
- Tafuta bingwa wa kope anayefanya marekebisho mara kwa mara, na umuulize nini kiliharibika kabla hujamuuliza bei.
- Uturuki, kliniki inayopokea wageni inatakiwa kuwa na kibali cha utalii wa tiba cha Wizara ya Afya. Omba ukione.
- Beba taarifa ya upasuaji wa kwanza na picha zako za zamani.
- Panga siku kumi, sio nne. Na mwambie mwenzio bei halisi!