Sanduku la Vitabu vya Bwana Msa

Walimu wenzetu wamekwisha kuandika katika kurasa hizi habari za nyuki, habari za miche ya michungwa, na habari za watoto wasiopenda kuamka asubuhi. Sisi twaomba ruhusa tuandike habari ya jambo dogo, ambalo wengine huliona kuwa ni upuuzi, nalo ni kukusanya vitabu vya mtungaji mmoja tu. Nyumbani kwetu, chini ya kitanda, liko sanduku la bati lenye kufuli. Majirani hudhani kwamba mna fedha ndani yake. Kweli fedha zilikuwako, lakini zimekwisha kugeuka karatasi.

Mtungaji huyo ni marehemu Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi katika kisiwa cha Unguja mwaka 1918, akafariki mwaka 1991. Kazi yake ilikuwa ya magazeti. Mwaka 1948 alikuwa mhariri wa gazeti lililoitwa Zanzibari, na tangu mwaka 1958 hata 1968 alikuwa mhariri wa Mkulima, gazeti la mambo ya kilimo. Nasi hupenda kumwaza mtu huyu ameketi mezani anasahihisha habari za mashamba na mbolea, na kumbe kichwani mwake mna maiti iliyokutwa mzimuni. Maana katika mashindano ya kutunga hadithi ya miaka ya 1957 na 1958, yaliyofanywa na East African Literature Bureau, hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipata zawadi ya kwanza, ikapigwa chapa kuwa kitabu mwaka 1960.

Kwa ajili ya wale ambao hawajamsoma, tuseme machache. Bwana Ali akutwa ameuawa penye mzimu, na watu wanong'ona. Ndipo atokeapo Bwana Msa na kiko chake mdomoni, pamoja na rafiki yake Najum, ambaye kazi yake kubwa ni kustaajabu. Bwana Msa huuliza maswali yanayoonekana kuwa hayana maana, hutazama vitu ambavyo wengine wamevipita, hunyamaza, huvuta kiko. Waliosoma habari za Sherlock Holmes wa London watamtambua mara moja. Walakini huyu wetu aishi Unguja, na wanaosema uongo mbele yake wausema kwa Kiswahili kitamu hata twatamani waendelee kusema.

Sasa tueleze jinsi tulivyoingia katika jambo hili.

Marehemu baba yetu alikuwa fundi wa cherehani. Mwaka 1974, alipokuwa akingoja gari moshi katika stesheni ya Korogwe, alinunua Mzimu wa Watu wa Kale kwa msafiri mmoja aliyepungukiwa na nauli. Alitazama kurasa za mbele, akazipenda, akalipa. Hakutazama nyuma. Alipofika nyumbani na kusoma siku tatu aligundua kwamba kurasa za mwisho hazimo. Ziling'olewa, wala hatujui kama zilitumika kusokotea tumbaku au kuwashia moto. Basi kitabu kilikuwa na maiti, kilikuwa na watu wa kushukiwa, lakini muuaji hakuwamo.

Mtu mwingine angalikitupa. Baba hakukitupa. Kila mwaka baada ya mavuno, watu walipokuwa na nafasi, alikisoma kwa sauti barazani kwetu, usiku baada ya usiku, kwa taa ya chemni, na alipofika mahali palipopasuka alifunga kitabu, akavua miwani, akamaliza hadithi kwa kichwa chake. Muuaji hakuwa yule yule kila mwaka. Mwaka mmoja alikuwa mtu huyu, mwaka wa pili alikuwa mwingine, na kila mara hoja zilikuwa na nguvu hata wazee walitikisa vichwa wakisema, "Kumbe!" Mwaka ule jirani yetu mmoja alipousogeza mpaka wa shamba, muuaji akawa mtu mwenye kuchechemea mguu wa kushoto, kilema ambacho hatujakiona kamwe katika kitabu. Jirani yetu, ambaye alikuwa akichechemea, aliondoka kabla ya kahawa. Kabla ya mvua za vuli mpaka ulikuwa umekwisha kurudi mahali pake.

Mzee mmoja wa kanisa alikuja kumwuliza baba, kwa upole, kwa nini Mkristo anaweka nyumbani kitabu cha mzimu. Baba akamjibu, "Mzee, kaa usikilize. Hapa anatafutwa mtu aliyeua, mzimu haukushtakiwa." Yule mzee akakaa. Akarudi kesho yake, na kesho kutwa akaja na kiti chake mwenyewe.

Tulipokwenda chuo cha ualimu tulikuta katika kabati ya vitabu Kisima cha Giningi cha mwaka 1968, tukafahamu kwa mara ya kwanza kwamba Bwana Msa ana mambo mengine zaidi ya yale ya barazani kwetu. Hesabu yake yote ni vitabu saba. Baada ya hivyo viwili vilikuja Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975, Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976, na mwisho Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Tuliviandika vyote katika ukurasa wa nyuma wa daftari la somo la hesabu, lakini hatukuwa na haraka. Kijana hudhani kwamba vitabu vitamngoja.

Mwaka 2013 macho ya baba yalikuwa yamekwisha kuharibika, na kifua kilimsumbua. Siku moja tulipomwendea alisema, "Mwanangu, wewe ni mwalimu, wafika mijini. Nitafutie nani aliyemwua Bwana Ali."

Tukatafuta. Huko Tanga tuliambiwa kwamba kitabu hicho ni cha zamani mno. Mwenye duka mmoja alitupa cha Elvis Musiba, habari za Willy Gamba na bastola yake, akisema ni mamoja. Si mamoja, ingawa hatumdharau Musiba. Willy Gamba hukimbia, Bwana Msa hukaa. Hata wakati wa likizo tukaenda Dar es Salaam, ambako wauzaji wa vitabu vikuukuu huvipanga chini kando ya njia. Hapo msomaji hana budi kuchutama na kuinamisha shingo kama kuku anywaye maji, ili asome migongo ya vitabu. Siku ya pili, chini ya vitabu vya fizikia, tukakiona. Kilikuwa cha chapa ya baadaye, jalada limepauka, kona imeliwa na mende. Tulitazama nyuma kwanza. Kurasa za mwisho zilikuwamo zote.

Katika basi tulikikalia kitabu kile ili tusije tukaufungua mwisho wake. Tuliona si haki kumjua muuaji kabla ya baba, aliyekwisha kungoja karibu miaka arobaini.

Lakini tulipofika nyumbani baba alikuwa amezidiwa. Alikuwa kitandani, na pumzi yake ilisikika hata uani. Tulipomwambia, aliomba akishike kitabu, akakipima unene kwa kidole gumba, akasema, "Haya, soma." Tukafungua mwisho. Akasema, "Hapana. Anzia mwanzo."

Hapa ndipo tulipojua maana ya hadithi ya kutia hofu. Tulisoma, na huku tukihesabu kurasa zilizobaki tukizilinganisha na nguvu zake. Usiku wa kwanza tulisoma kidogo, kisha akalala. Usiku wa pili alikohoa sana, tukasoma kidogo zaidi. Mama alituita kando akatuambia, "Ruka, mwanangu. Mwambie jina la mtu huyo, apumzike." Nasi usiku wa tatu tukajaribu. Tuliruka sura moja nzima, kwa sauti ile ile, bila kusita. Baba akafumbua macho yasiyoona, akasema, "Mwalimu, umempeleka wapi Spekta Seif?" Tukaona haya, tukarudi nyuma, hatukuruka tena.

Usiku wa sita tulifika mahali ambapo kitabu chake kilikatika. Alijua kabla yetu. Alijiinua kwa kiwiko. Tukasoma kurasa zile ambazo hakuna mtu wa nyumba ile aliyepata kuzisikia, hata neno la mwisho. Mwuaji ni nani hatutawaambia hapa, maana wasomaji wengine wana kitabu hiki mbele yao bado. Baba alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Huyo nilimjua tangu mwanzo."

Wasomaji, katika miaka yote ile hatukumsikia hata mara moja akimtia hatiani mtu huyo. Mama alitaka kucheka akajizuia. Siku tisa baadaye tulimzika baba.

Tangu hapo twavikusanya, na hatuwezi kusema kwamba kila mara tumefanya kwa busara. Sasa tunavyo sita. Kinachokosekana ni Mke Mmoja Waume Watatu, na kama kiko kwa msomaji yeyote asiyekihitaji, tutakuja hata kwa miguu. Tumejifunza kutazama nyuma ya ukurasa wa jina, mahali ambapo wapiga chapa huandika miaka, maana jalada hudanganya. Tumejifunza pia kwamba karatasi za vitabu hivi zilikuwa za bei nafuu, nazo hugeuka rangi ya chai, zikakunjwa mara mbili huvunjika. Adui mkubwa ni mchwa, na wa pili ni unyevu wa masika. Kwa hiyo sanduku twaliweka juu ya matofali, twatia karafuu maiti katika kitambaa, na siku za kiangazi twavitoa vitabu vipate hewa, kivulini, si juani.

Mwaka 2018 tulivuka kwenda Unguja. Huko Makunduchi tuliona mawe, minazi na bahari, tukanywa dafu, tukarudi mjini tumeridhika bila kujua tumeridhika kwa nini. Huko mjini mwuza vitu vya kale mmoja, aliposikia tunachokitafuta, aliingia ndani akatoka na kiko. "Mwalimu," akasema, "hiki ni cha Bwana Msa mwenyewe." Tukamwambia kwamba Bwana Msa hakuzaliwa na mwanamke, alizaliwa na kalamu. Hakusita hata kidogo. "Basi ni cha mwenye kalamu." Tukakitazama kama Bwana Msa angalivyokitazama. Mahali pa meno hapakuwa na alama ya meno, chunguni hamkuwa na masizi, na upande wa chini palikuwa na gundi ya karatasi ya bei iliyobanduliwa. Kilikuwa kipya kuliko viatu vyetu. Tukakinunua kwa shilingi 30,000. Tungeeleza sababu kama tungeijua.

Fedha ile ilikuwa ya bati la jikoni. Mvua ziliponyesha, mama watoto aliweka sufuria chini ya tone, akasema, "Baba Neema, mwite Bwana Msa atupelelezee mvua yaingilia wapi." Hatukuwa na neno. Bati tulilinunua mwaka uliofuata, na mwaka ule hatukununua kitabu.

Kitabu kile kilichopasuka tunacho bado. Rafiki mmoja alituuliza kwa nini twakiweka na hali tunacho kizima. Tulimwonyesha pembeni mwa kurasa. Baba alikuwa ametia alama ndogo za penseli kwenye majina ya watu aliowashuku, mwaka hata mwaka, na alama nyingine amezifuta na kuzirudisha. Penye jina la mwuaji wa kweli hapana alama hata moja.

Muhula uliopita msichana mmoja wa darasa la saba, mwepesi wa kusoma kuliko wenzake wote, alituomba kitabu cha kusoma nyumbani. Tulifungua sanduku. Kile kizima hatukuthubutu kukitoa, maana kilipatikana kwa taabu na nyumba za watu zina watoto wadogo na chai. Hata hivyo kumrudisha mikono mitupu tuliona ni aibu kwa mwalimu. Basi tukampa kilichopasuka, nacho ndicho tungalichosikitika zaidi kukipoteza, jambo ambalo mama watoto alilionyesha mara baada ya mtoto kuondoka.

Usiku ule na uliofuata hatukulala vema. Siku ya nane msichana akaja. Kitabu kilikuwa kimefungwa katika kanga safi, na juu yake palikuwa na kurasa nne za daftari, zimeandikwa pande zote mbili kwa kalamu ya buluu. Akasema, "Shikamoo, mwalimu. Mwisho haukuwamo, nikaujaza mwenyewe. Nimepata?"

Tukasoma tumesimama mlangoni. Hakupata. Amemshika mtu yule yule ambaye baba alimshika mwaka tulipokuwa darasa la tatu, na kwa hoja iliyo karibu sana na ya baba. Tukamwambia aje Jumamosi baada ya kufua, aketi barazani, tutampa kile kizima asome mbele yetu. Zile kurasa nne tukaomba zibaki, tukaziweka sandukuni pamoja na kiko.