Risasi Chini ya Mlima wa Chuma

Liganga, katika wilaya ya Ludewa, mkoani Njombe, ni milima iliyobeba chuma kilichochanganyika na titani na vanadi. Wapangwa, wenyeji wa nchi ile, walikuwa wahunzi tangu kale. Walakini hawakukiyeyusha chuma. Chuma hutaka joto la nyuzi 1538 za Selsiasi ndipo kiwe maji, na tanuri la udongo, kwa makaa na mivukuto, halikufika huko. Lililofanya ni kukitenga na jiwe lake, kikatoka bonge lenye matundu mfano wa sifongo. Nyundo ndiyo iliyomaliza kazi.

Fundi wa redio wa leo, awe Ludewa au Unguja, ana mashaka ya namna nyingine. Mkononi mwake mna pasi ya kulehemu, na mbele yake uzi laini wa bati na risasi. Bati peke yake huyeyuka kwa nyuzi 232, risasi kwa 327. Zikichanganywa, mafungu 63 ya bati kwa 37 ya risasi, hulegea zote kwa 183. Zilizokutana hutii mapema kuliko kila moja ikiwa peke yake. Jambo ambalo watungaji wa mashairi hawatalistaajabia.

Lakini utii huo una hila. Moshi upandao pasi inapogusa uzi si wa risasi, bali wa utomvu wa msonobari uliotiwa ndani yake. Huwasha kifua, na dirisha wazi huupunguza. Risasi haipandi hewani kwa joto la pasi. Hubaki vidoleni, ikangoja andazi. Mwali wa gesi ni habari nyingine: huvuka kiasi upesi, na risasi iliyochomwa kupita kiasi hutoa mvuke wa sumu. Tena tone moja la maji likidondokea risasi iliyoyeyuka, hufoka na kuirusha usoni mwa mtu.

Mhunzi wa kale alionywa na cheche na ngurumo ya moto. Risasi haionyi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho hujazwa kwanza katika ubongo wa mtoto, ambaye kwake hakuna kiasi kilichojulikana kuwa salama. Basi fundi na avue nguo za kazi, anawe mikono kwa sabuni, ndipo ampakate mwanawe.