Mama mchapaji na ripoti ya mfumo wa ada

Mzazi anayelipa ada kwa simu anaijua ile duara inayozunguka kwenye kioo. Hela imeshakatwa au bado? Abonyeze tena au asubiri? Wasichokijua wengi ni kwamba kabla mfumo haujafunguliwa, kuna mtu ambaye kazi yake ni kuutesa. Anatengeneza watumiaji bandia mia tano, elfu moja, elfu mbili, anawaingiza kwa mpigo, anapima kila mmoja amesubiri muda gani. Kisha anaandika ripoti.

Binti mmoja wa Kihonda, Morogoro, hufanya kazi hiyo kwa mkataba akiwa nyumbani, kwa kutumia JMeter, programu ya bure. Desemba alipewa mfumo wa ada wa kupima kabla shule hazijafunguliwa. Vipimo vilikuwa safi. Ripoti ikafika kurasa tisa, na jibu la wakubwa likawa fupi: wastani ni sekunde 1.8, tuendelee.

Aliyeona tatizo hakuwa mtaalamu wa kompyuta. Mama yake alikuwa karani mchapaji wa shule ya sekondari, enzi za taipureta na stensili. Aliipokea simu, akaivuta ripoti kwa vidole ikue, akaisukuma kushoto, akairudisha kulia.

“Mwanangu, hapa umeandika elfu moja mia mbili, au moja nukta mbili?”

Safu moja ilikuwa na 1,200, nyingine 1.2, nyingine 14300 bila alama yoyote. Milisekunde na sekunde zilikaa pamoja kama wageni wasiojuana. Tarakimu ziliwekwa katikati ya safu, hivyo mamoja hayakuwa chini ya mamoja. Kwenye taipureta nyingi kila herufi huchukua upana uleule, kwa hiyo namba hujipanga zenyewe. Kwenye kompyuta si kila fonti iko hivyo. Nyingine 1 yake ni nyembamba kuliko 8, na jedwali hupinda bila mwandishi kujua.

Mama alikumbuka pia kwamba baadhi ya taipureta za zamani hazikuwa na kitufe cha 1. Mchapaji alibonyeza l ndogo, na hakuna aliyelalamika. Binti akacheka, kisha akanyamaza. Amri za kompyuta ndani ya ripoti yake zilikuwa kwenye fonti ambayo 1, l na I kubwa zilifanana. Mwenzake aliyezinakili kwa mkono alikuwa amepoteza mchana mzima. Kuna fonti zilizotengenezwa kuzuia hilo. Verdana, iliyochorwa na Matthew Carter na kutoka mwaka 1996, huiwekea I kubwa vijistari juu na chini ili isomeke vizuri kwenye kioo.

Saa nazo zilikuwa balaa. Ripoti ilisema mzigo ulizidi “saa 2:00”. Kwa Mswahili hiyo ni asubuhi, watu wameshakunywa chai. Kwa mashine ni usiku wa manane. Mafundi walikagua kumbukumbu za saa nane usiku, wakakuta kimya.

Lakini kubwa lilikuwa ukurasa wa saba, mstari wa mwisho, kwa maandishi madogo ya kijivu. Kati ya kila watumiaji 100, 95 walihudumiwa chini ya sekunde 4. Watano waliobaki, baadhi yao walisubiri hadi sekunde 14.3, na programu ya simu ilipangwa kukata baada ya sekunde 10. Maana yake malipo yanaweza kupita huku mzazi akiambiwa yameshindikana. Atalipa tena.

“Hawa watano ni akina nani?”

Binti alieleza kuwa hao aliwawekea mtandao dhaifu, kama ule wa kwenye mikunjo ya Uluguru.

“Basi ni mama yako mdogo wa Kinole,” mama akasema. Dada yake huyo hupanda hadi juu ya shamba la migomba ili simu ishike. Kwa Waluguru, ambao ukoo hufuata upande wa mama, mama mdogo si ndugu wa kuwekwa chini kabisa kwa wino hafifu.

Waliipanga upya jioni ileile, si bila mabishano. Mama alitaka vichwa vyote kwa herufi kubwa na kupigiwa mstari. Binti akagoma, na alikuwa sahihi, maana hayo yalikuwa mazoea ya mashine isiyo na herufi nzito. Wote wakatumia sekunde. Namba zikasogea kulia. “08:00 (saa 2 asubuhi)”. Maneno ya Kiswahili ni marefu, na kunyoosha kingo zote mbili kwenye simu huacha mashimo katikati ya mistari, kwa hiyo upande wa kulia ukaachwa bila kunyooshwa. Ule mstari wa watano ukapanda ukurasa wa kwanza, kwa herufi nzito nyeusi.

Meneja alipiga simu kesho yake. Hakuuliza habari za fonti. Aliuliza hao watano wako wapi na kwa nini hakuambiwa mapema. Ufunguzi ukasogezwa mbele wiki moja. Kipimo cha pili kilionyesha mtu wa mwisho akisubiri sekunde 7.5, ambazo mama anasema bado ni nyingi kwa mtu aliyesimama juani.